Waya wa Kibanda cha Wavulana

Melbourne, 6 Machi 2022

Kwako Dada Kalolaine,

Shikamoo. Hapa tu wazima, ila goti la Ana limeanza tena kumsumbua. Daktari kamwambia apumzike, na kupumzika ndicho kitu pekee ambacho mke wangu hajui kukifanya. Lose ameanza sekondari na sasa anajua kila kitu duniani, mimi baba yake ndiye nisiyejua kitu. Tumesikia majivu ya ule mlima wa baharini uliolipuka yameingia kwenye matangi ya maji huko Pangai. Je, mna maji ya kunywa? Tangu Januari napiga simu kila siku naambiwa haipatikani. Basi mpaka waya wa baharini uungwe, itabidi tuandikiane kama enzi za Baba.

Mzigo ulioutuma Desemba umefika wiki tatu zilizopita kupitia Auckland. Nguo ya magome haikulowa. Hedifoni za Baba nimezikuta katikati, umezifunga kwa upole kabisa, asante. Nilikaa nazo ndani ya gari nje ya nyumba mpaka Ana akaja kugonga kioo. Unajua sikumzika Baba. Mipaka ilikuwa imefungwa, nikazika kwa simu, picha ikiganda kila mlipofika mahali pa kulia. Kwa hiyo hizi hedifoni ndizo kitu pekee cha Baba nilichokishika kwa mkono wangu tangu afe.

Nilisubiri Jumapili. Nikala nikashiba, nikajilaza, na saa tisa nikaweka kwaya, vile vile tulivyokuwa tukifanya. Dada, sizo.

Kwa macho ni zenyewe. Ni nyeusi, zile alizopewa na opereta wa redio ya meli, na vikombe vyake vizito vya kuzuia mngurumo wa injini, na mkwaruzo upande wa kushoto pale nilipoziangusha kwenye ngazi. Kwa masikio sizo. Sauti ni nyembamba, imejibana ndani ya kichwa, kama mtu anayesema huku ameshikwa pua. Unakumbuka ilivyokuwa. Ulipokuwa mkubwa nikahamishiwa kibanda cha wavulana, maana kaka na dada kwetu hawakai chini ya dari moja, na redio ikabaki nyumbani kwako. Nilinuna siku tatu. Baba akavuta waya kutoka kwenye spika ya redio, akaupitisha chini ya sakafu, akavusha uwanja hadi kwangu, akafunga hedifoni mwishoni. Kila Jumapili baada ya kula, ninyi mnasikiliza kwaya ndani, mimi naisikiliza kibandani. Na niliyoisikia ilikuwa na besi. Besi pana, ikitembea polepole chini ya wengine wote. Tena kwaya haikuwa kichwani mwangu, ilikuwa kule nje, upande wa nyumba, hatua kama kumi na tano.

Miaka kumi na tisa naajiriwa kwa masikio yangu kwenye karakana ya Zoran. Tunaunda hedifoni, na kazi yangu ni kuzivaa na kusema zimekosa nini. Kila moja nimeipima kwa zile za Baba. Zoran huniuliza, "Saia, hasa unataka nini?" Namwambia nataka kwaya iwe nje. Hajawahi kunifikishia.

Kazini tunaamini hedifoni huiva. Mpya huwa kali, unaziacha zilie siku saba mfululizo ndipo zinalainika. Nikasema labda hizi zimelala sana, nizipe wiki. Nimezipa mbili. Hazijaiva.

Sasa nauliza kwa heshima zote, na nafasi yangu mbele yako naijua. Kuna mtu amezifungua? Yule Fili wa kutengeneza simu pale gatini hakuzigusa? Nijibu upesi, maana usingizi wangu si mzuri siku hizi.

Mdogo wako,
Siosaia

*

Pangai, Haʻapai, 21 Aprili 2022

Mdogo wangu Siosaia,

Marahaba. Barua yako ilikaa mjini Nukuʻalofa wiki tatu, kisha ikaja na boti ya unga. Bahasha ina duara la kikombe cha chai. Kuna mtu huko posta kaifanya kisahani, na natumaini chai ilikuwa tamu.

Maji tunayo. Tulisugua tangi siku nne, mimi na kwaya ya akina mama, tukiimba ili tusitukanane. Viazi vikuu vilivyokuwa karibu na barabara vimeungua, vya nyuma vimepona. Nguruwe walikula majivu pamoja na kila kitu kilichofunikwa na majivu, wala hakufa hata mmoja. Wale wa kwetu unawajua, hakuna wasichotafuna. Shangazi Vika anatimiza themanini na nane mwezi ujao na bado anatuamuru kama tuna miaka sita. Anauliza kama Ana anafunga goti kwa majani ya mnyonyo. Mwambie Ana aseme ndiyo.

Habari ya hedifoni. Ni zenyewe. Hakuna aliyezifungua. Fili hata bisibisi hana, simu za watu anazifungua kwa kisu cha siagi, ningempaje kitu cha Baba? Zilikuwa juu ya kabati tangu siku ya mazishi, nikazitoa, nikazipangusa, nikazifunga. Basi.

Unasema unavyozikumbuka si hivyo. Baba alizoea kusema samaki mkubwa kuliko wote ni yule aliyekuponyoka. Wewe umeondoka hapa kijana, umekwenda kukaa na watu wanaolipwa kwa kusikiliza, umesikia mengi. Pengine masikio ndiyo yameiva, hedifoni ziko pale pale. Si dhambi. Mimi nikipita shule yetu ya zamani nashangaa ukuta ule niliokuwa siwezi kuupanda, leo unanifika kiunoni.

Na mambo ya waya sina la kusema. Usiniulize habari za waya.

Kula vizuri. Picha ya Lose uliyotuma nimeibandika karibu na saa, ana paji la uso la Baba. Akiuliza kwa nini ni mbishi, mwonyeshe kioo.

Dada yako,
Kalolaine

*

Melbourne, 29 Mei 2022

Dada Kalolaine,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa Shangazi Vika. Ana anasema ndiyo, majani anayafunga. (Hayafungi. Hapa mnyonyo haupo, amefunga kabichi.) Baridi imeanza. Lose amekata nywele mwenyewe kwa mkasi wa jikoni na hatuzungumzi jambo hilo mezani.

Dada, sikukuuliza habari za waya. Soma tena barua yangu kama unayo. Mimi nimeuliza kama hedifoni zimefunguliwa, wewe umenijibu nisiulize waya. Nimelitafuna jambo hili wiki nzima kazini mpaka Zoran akaniondoa kwenye mashine.

Basi nikajiambia, kumbe jibu ni waya. Waya mrefu mwembamba unaweza kunenepesha besi ya hedifoni, hilo si uchawi, ni hesabu. Nikanunua waya wa kengele, mita ishirini, nikauvuta kutoka sebuleni, ukapita kwa dirisha la choo, ukazunguka mti wa ndimu hadi gereji. Ana alisimama na kikombe chake akanitazama mpaka chai ikapoa. Jumapili ile nikalala chini gerejini nikasikiliza. Dada, ilikuwa yenyewe. Besi ilirudi. Nililia pale chini kwenye mafuta ya gari. Jumapili iliyofuata ilirudi tena, pungufu kidogo. Jumapili ya tatu haikuwapo kabisa, na waya ni ule ule, kwaya ni ile ile.

Nikamweleza Zoran. Ni mzee wa Kimasedonia, miaka sabini na moja, haamini kitu mpaka akione kwenye mchoro. Akasema, "Tupime." Akanikalisha mbele ya pazia, hedifoni za Baba kichwani. Nyuma ya pazia akaweka swichi, upande mmoja waya mrefu, upande wa pili waya mfupi. Akiita "moja" naandika ninachosikia, akiita "mbili" naandika. Akaita mara tisa. Nikajaza ukurasa mzima. Moja ni nene, pana, inapumua. Mbili ni kavu, iko puani. Niliandika bila kusita hata mara moja. Kisha akavuta pazia. Alikuwa amekaa na mkate wake wa jibini, ameushika kwa mikono miwili, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Saia, swichi sikuigusa. Mikono ilikuwa na kazi."

Mara tisa nilisikia kitu kile kile. Vijana tunaowafundisha kazi huambiwa hili siku ya kwanza: sikio lililokwisha kuambiwa halina ushahidi. Mimi ndiye ninayewaambia.

Aibu ile naimeza. Lakini hatukuishia hapo. Zoran akakivika hedifoni kile kichwa chetu cha plastiki cha kupimia, chenye masikio ya mpira, ambacho hakikumbuki kitu wala hakina baba. Mchoro ukatoka. Sauti za chini hedifoni hizi hazitoi. Kufikia mahali besi inapoanza, mstari unaporomoka kama kopo kisimani. Ziliundwa kwa maneno ya redio ya meli, si kwa kwaya. Besi niliyoisikia miaka mitano kibandani haiwezi kutoka humu hata uzipigie magoti.

Kwa hiyo yamebaki mawili. Ama mimi ni kichaa, ama hizi sizo. Na kichaa sijawa.

Yanayofuata sikupaswa kuyaandika, maana kaka hamsemeshi dada yake hivi, na Baba angekuwa hai angenitoa mezani. Yule opereta alimpa Baba jozi mbili. Nakumbuka boksi lilikuwa na nafasi ya mbili. Je, zile za kweli umebaki nazo? Ziko kwa Shangazi Vika? Wewe ulikuwa naye siku zote, ulimlisha, ulimfumba macho. Mimi nimeomba kitu kimoja tu. Kama umenitumia zile nyingine, niambie, sitadai. Nataka kujua tu.

Siosaia

*

Pangai, 30 Julai 2022

Siosaia,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja. Shangazi Vika aliniona ninavyoisoma akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu.

Jozi ilikuwa moja.

Kalolaine

*

Melbourne, 21 Agosti 2022

Dada yangu Kalolaine,

Shikamoo. Kama hutaki kuipokea, iache hapo hapo juu, mimi nimeitoa.

Barua yako ina mistari minne na nimeisoma zaidi ya mara arobaini. Hukuniuliza habari za Ana. Hukuniuliza habari za Lose. Ana ameisoma pia, akakunja, akaniambia, "Umemwita dada yako mwizi kwa sababu ya kwaya." Nikataka kubisha kwamba neno mwizi sikuliandika. Sikubisha. Nimekukosea. Ningekuwa huko ningekuja mlangoni kwako na mkeka mabegani, nikaketi chini nje mpaka uniambie niinuke, hata mvua inyeshe. Huku niliko nina karatasi tu, basi naomba radhi kwa karatasi.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata Ana. Siku tatu kabla Baba hajafa alinipigia. Nilikuwa kazini, hedifoni mpya masikioni, simu nimeilaza kifudifudi mezani. Sikuisikia, lakini niliiona ikitetemeka ikisogea kama mende. Niligeuza nikaona ni yeye. Nikasema nimalize wimbo huu, nitampigia. Wimbo ukaisha, nikarudia, kwa sababu besi ilikuwa imekaribia kuwa ile ya kwake. Nilikuwa namtafuta Baba kwenye hedifoni, na Baba mwenyewe anatetemeka mezani. Nikasahau. Kesho yake nilipopiga ulipokea wewe, ukasema amelala. Hakuongea tena na mtu.

Ndiyo maana nataka zilie kama zamani. Sikupokea aliponiita, basi angalau nimsikie mahali nilipomsikia mwanzo. Najua ni upuuzi. Mchoro umesema ni upuuzi. Lakini kila Jumapili saa tisa najikuta nimezivaa, na kila mara natoka nimepungukiwa zaidi.

Nijibu hata kwa mstari mmoja. Nitukane kama unataka, kimya chako ndicho siwezi kukivumilia.

Siosaia

*

Melbourne, 2 Oktoba 2022

Dada,

Sijapata jibu. Sijui kama ni boti au ni wewe. Mpwa wa Ana aliyeko Nukuʻalofa anasema boti zinakwenda.

Hedifoni nimeziweka kabatini juu. Jana nimezitoa tena. Zoran amenipa likizo ambayo sikuiomba.

S.

*

Pangai, 23 Oktoba 2022

Mdogo wangu Siosaia,

Marahaba, mara mbili, kwa barua mbili. Goti la Ana je? Na nywele za Lose zimeota? Viazi vya nyuma tumevuna, vikubwa mpaka Shangazi Vika amekosa cha kulalamikia akalalamikia jua. Kwaya tunajiandaa na mkutano wa Desemba na hatuna besi hata moja ya maana. Wanaume wote wako Auckland wanachuma matunda ya watu.

Ulikisia sawa, ilikuwa mimi na siyo boti. Nilikasirika mwezi mzima. Niliisugua sakafu ya Baba mpaka mbao zikang'aa, kwa hasira. Kisha ikaja ile ya Agosti, ya simu iliyotetemeka, na hasira ikaisha. Lakini sikuweza kukujibu, kwa sababu nilikuwa nimeapa. Baba aliniapisha mbele ya Shangazi Vika nikiwa na miaka kumi na sita, na kiapo kilichoapwa mbele ya shangazi mwenyewe unajua hakivunjwi, hufunguliwa. Mwezi uliopita nimesuka mkeka, nimempelekea, nimemwambia mwanao anaungua. Aliupapasa ukingo wote akitafuta kosa. Hakulipata. Akasema, "Mwambie. Baba yenu Penisimani nitamkuta huko huko aliko, tuzozane."

Basi sikiliza. Waya ule ulifanya kazi mwaka mmoja. Na mwaka huo, Siosaia, ulikuwa unalalamika kila wiki. Umesahau kabisa. Ulikuwa unakuja kwenye ngazi ya jikoni, husogei zaidi, unamwambia Baba, "Zinalia kama inzi kwenye kopo." Baba akawa anaziangalia, anazungusha waya, hana la kufanya. Zilikuwa hivyo tangu meli.

Kisha jike la nguruwe, lile lenye sikio moja, likaingia chini ya sakafu likatafuna waya. Halikuukata tu, liliumeza, kama hatua nane zake. Ilikuwa Jumamosi. Mimi ndiye niliyeona, nilikuwa naokota mayai. Nikamwita Baba. Alipiga magoti akachungulia. Pangai nzima hapakuwa na waya wa kununua, na meli ya mizigo ilikuwa bado wiki sita. Akasema, "Kijana akijua redio yake imekufa atanuna tena, na safari hii sina waya wa kumbembelezea." Akaingia ndani, akaiinua redio pale kwenye rafu, akaiweka kwenye dirisha la upande wako, akaigeuzia uso kibandani.

Jumapili tukala. Ukaenda zako, ukavaa hedifoni zako zilizokufa, ukalala. Mimi nilikuwa nakuona miguu. Saa tisa kwaya ikaanza. Lakini ile redio, unaikumbuka, spika yake ilikuwa kama kisahani. Sauti za kina mama zilivuka uwanja, za chini zikafia hapo kwenye kizingiti. Baba akaona hazitoshi. Akavuta kigoda chini ya dirisha, akaegemeza mgongo ukutani, akaimba besi yeye. Alizijua nyimbo zote. Hakuimba kwa nguvu, aliimba vile anavyoimba mtu aliyeshiba. Mwanzo hadi mwisho, huku ameshikilia ukingo wa dirisha anatazama mlango wako, akingoja utoke kulalamika.

Hukutoka. Ulitoka saa kumi, unajinyoosha, ukaja mpaka kwenye ngazi, ukamwambia, "Baba, hedifoni zimeiva."

Baba akanitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria. Ulipokwenda kuoga alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaacha kucheka, akaniita mbele ya Shangazi akaniapisha. Alisema umezipenda, tusikunyang'anye. Wiki sita zikapita, meli ikaleta waya, hakuununua. Aliimba hivyo miaka minne, kila Jumapili, mpaka ulipokwenda shule kisiwa kikuu, Tongatapu. Alipokuwa na mafua aliimba na mafua. Juma ulilopanda ndege kwenda Australia ndipo akafunga waya mpya, akazivaa mwenyewe kusikiliza habari, akasema, "Maskini, kweli inzi."

Utauliza ulikosaje kumtambua baba yako. Nimejiuliza pia. Naona ni kwa sababu ulijua ni hedifoni. Ungelala pale bila kitu masikioni ungesema, ah, Baba anaimba.

Na simu. Nilikuwa nimemshikia. Ililia mpaka ikakata. Hakuhuzunika, Siosaia, wala sikufariji tu. Alinigeukia akasema, "Kavaa hedifoni. Mwache asikilize." Kisha akajaribu kuimba kidogo, pumzi haikumtosha, akalala. Nilitaka kukuambia siku ya mazishi, lakini kulieleza hilo kungenilazimu nieleze na mengine.

Hukukosa usingizi peke yako. Sasa lala.

Dada yako,
Kalolaine

*

Melbourne, 20 Novemba 2022

Dada yangu Kalolaine,

Shikamoo. Goti limepona, kabichi imepewa sifa zote. Nywele zimeota upande mmoja.

Barua yako nimeisoma ndani ya gari, na Ana akaja kugonga kioo tena, safari hii akaingia akakaa. Zoran nimemtafsiria yote, hata nguruwe. Alifuta miwani, akasema vikombe vile vizito vinaziba sauti kali na kuacha nene zipite, kwa hiyo mtu wa hatua kumi na tano angesikika hivyo hivyo, mpana, tena nje ya kichwa. Akasema mtu wa kazi yetu angelijua hilo hata akiwa amelala. Nikamwambia nilikuwa nimelala.

Jumapili iliyopita niling'oa waya wote, wa sebuleni hadi ule wa mti wa ndimu. Nikamwambia Lose aweke redio kwenye dirisha la jikoni. Nikalala gerejini, hedifoni za Baba masikioni, hazijafungwa popote. Kwaya ikaja, Dada. Ilikuwa kule nje, upande wa nyumba. Miaka kumi na tisa namsumbua Zoran na michoro, kumbe ilitaka dirisha. Sauti zote zilikuwapo isipokuwa ya chini kabisa. Pale palikuwa wazi.

Nililala nikisikiliza pale palipo wazi nyimbo mbili nzima. Wa tatu ulikuwa ninaoujua, nikaanza kuimba mwenyewe, polepole, sehemu yake. Na mtu aliyezibwa masikio akiimba, sauti yake humrudia nzito kuliko ilivyo. Hilo nalo nilikuwa nalijua, ni kazi yangu, na kujua hakukunisaidia kitu. Nilimsikia. Sikunyamaza mpaka kwaya ikaisha. Nilipovua, Lose alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza, "Ulikuwa unaimba na nani?"

Mipaka imefunguliwa. Tumekata tiketi, tunafika Jumamosi tarehe kumi na saba Desemba, sote watatu. Mkeka nitanunua njiani, kwako sifiki mikono mitupu, wala usinizuie kuketi chini. Waambie kwaya besi moja imepatikana, si nzuri sana. Jumapili baada ya kula nitakwenda zangu kibandani kama desturi, nawe uniwekee redio dirishani saa tisa.

Hedifoni nakuja nazo. Waya nimeuacha kwenye pipa la taka.

Mdogo wako,
Siosaia